Mpango wa Avenyu Yenu: Namna ya Kuupima, Kuuchora na Kuufikisha Komini

Barua nilizowahi kuziona zikitoka kwenye kartie (mitaa) za Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, kwenda komini, yaani manispaa yao, huanza karibu zote kwa maneno yale yale: "Tunaomba mtutengenezee barabara yetu." Tatu kati yake niliziandika mimi. Zote zilipigwa mhuri, zikaingia kwenye faili, na mvula ya Desemba ikatukuta pale pale.

Kosa halikuwa la karani aliyezipokea. Barua ya namna ile haisemi barabara ina upana gani, maji yake yanashukia wapi, wala ni mfuko upi unaotakiwa kufunguliwa. Anayeisoma hana pa kuishikia. Mwongozo huu ni wa kuandaa mpango mdogo wa avenyu tatu au nne, ambao mhandisi akiuchukua na kuja nao mtaani atakuta vipimo vile vile mlivyoandika.

Mpango wa mtaa huanza na vitu viwili: njia ya maji na upana wa barabara. Taa, bomba, soko, hata lami vinaweza kuja mwaka wowote. Upana ukishaliwa na ukuta, kuurudisha ni kesi ya mahakamani. Na hapa kwetu ardhi inaliwa haraka. Shaba na kobalti vinateremka kutoka Kolwezi na Likasi, vinapita Lubumbashi kwa RN1, barabara kuu ya taifa, kuelekea mpakani Kasumbalesa, kisha Dar es Salaam, Durban, Beira au Walvis Bay. Malori hayo hayo hurudi na bidhaa. Kila lori linataka pa kulala, kila kontena linataka pa kushushwa. Lupango, yaani kiwanja, palipolimwa mihogo juzi, leo ni depo yenye ukuta na mlinzi.

## Vitu vya kuandaa

- Dekameta, yaani utepe mrefu wa kupimia, ya mita 30 au 50. Futi ya fundi ya mita 5 itawamalizia siku, na kila mnapoisogeza mnaongeza kosa.
- Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 25, upana wa tundu milimita 8 hadi 10. Waashi wanao; waazimeni.
- Fito mbili zilizonyooka za mita 2, zilizochorwa sentimita kuanzia chini.
- Vigingi, kamba, chokaa.
- Simu yenye GPS na ramani ya OpenStreetMap iliyopakuliwa mapema. Organic Maps na OsmAnd hufanya kazi bila intaneti.
- Karatasi za A3, rula, penseli na kifutio. Biki isubiri mpaka mwisho.
- Daftari moja. Mkiwa na madaftari mawili mtakuwa na vipimo viwili vya kitu kimoja, na hakuna atakayejua cha kweli.
- Pesa kidogo za kopi, picha na usafiri. Likelemba (mchango wa kupeana zamu) ya mwezi mmoja kwa watu kumi inatosha kabisa.

Watu ni sita: wawili wa dekameta, wawili wa mpira, mmoja wa kuandika, na mmoja wa kusalimia. Huyu wa sita msimdharau. Awe mama au mzee anayejulikana kila geti, anayetangulia kupiga hodi na kueleza. Dekameta inayonyooshwa mbele ya nyumba ya mtu bila salamu, huyo mtu anaielewa kwa namna moja tu: wamekuja kubomoa.

## Hatua ya 1: Pateni karatasi ya kutembea nayo

Kabla hamjapima hata mita moja, mwandikieni shefu wa kartie, nakala kwa burgumestre, mkuu wa komini: majina ya avenyu, siku za kupima, na kwamba hamgawi viwanja wala hamuuzi. Kurasa mbili ni nyingi mno. Nusu ukurasa unatosha.

Mara ya kwanza sisi tulianza bila karatasi, tukijiamini kwa sababu tulikuwa wenyeji. Asubuhi ile ile kijana mmoja alitutuma tumwitie "yule anayeuza viwanja", na kufika saa sita tayari kulikuwa na uvumi kwamba avenyu nzima imenunuliwa na kampuni. Ilituchukua wiki mbili kuutuliza.

Onyo: msipime wala kupiga picha karibu na kambi ya jeshi, uwanja wa ndege wa Luano au reli ya SNCC bila ruhusa ya wenyewe. Kama avenyu yenu inagusa reli, ishieni kwenye ukingo na muandike "mpaka wa reli".

Mmefaulu hatua hii mkiwa na nakala yenye mhuri na tarehe, iliyokunjwa ndani ya daftari.

## Hatua ya 2: Chagueni mpaka kwa kufuata maji

Wengi huchagua mpaka wa mpango kwa urafiki: avenyu yetu na ile ya jirani tunaosali pamoja. Maji hayasali na mtu. Mpaka sahihi huanzia kwenye mgongo, pale mvula inapogawanyika kwenda pande mbili, na kuishia pale maji yote yanapotokea: mfereji mkubwa, kijito, au mto kama Lubumbashi na Kafubu.

Msimamo huu una gharama. Huenda ukawalazimisha kuingiza avenyu ya watu msiowajua, hata ya komini nyingine. Ingizeni tu. Mpango unaokatika katikati ya njia ya maji ni mpango wa kumhamishia mwenzako gharika. Nasema hivi kwa aibu kidogo: tulichimba mfereji mzuri sana Jumamosi moja ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, mita mia na zaidi, tukapiga makofi. Mvula ya kwanza ikapeleka maji yote kwenye vyumba vya familia moja ya bondeni. Jumamosi iliyofuata tuliufukia wenyewe.

## Hatua ya 3: Tembeeni wakati wa mvula

Mvula zetu huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuisha Aprili. Ukipima Julai peke yake utaona vumbi tupu, utadhani avenyu iko sawa kama meza.

Mvula ikipungua, si wakati wa radi, watu wawili watembee kutoka juu hadi chini wakiwa na simu. Wapige picha pale maji yanaposimama, yanapovuka barabara, na yanapoingia kwenye geti la mtu. Kila picha iwe na kitu cha kulinganishia: fito, ndoo, tairi ya baiskeli. Picha ya maji bila kipimo ni picha ya huzuni tu. Mhandisi hawezi kuitumia.

Kama mnaanza wakati wa kiangazi, waulizeni walioishi pale miaka mingi, na mtafute alama kwenye kuta. Mstari wa tope kwenye tofali hausahau. Pimeni urefu wake kutoka ardhini, muuandike.

## Hatua ya 4: Pimeni upana, kila mita ishirini

Hii ndiyo hatua inayofanywa kwa mkato kuliko zote, na ndiyo inayobeba mpango.

Kuanzia juu, pigeni kigingi kila mita 20. Kwenye kila kigingi pimeni mambo matatu, kwa mpangilio huo huo mpaka mwisho: kutoka ukuta hadi ukuta, sehemu inayopitika na gari, na kila kilichosimama katikati ya hapo, iwe nguzo ya SNEL (shirika la umeme), kibanda, ngazi ya duka, mti, rundo la mchanga, au bomba la REGIDESO (shirika la maji) lililofunuliwa na mmomonyoko. Mwandishi arudie namba kwa sauti kabla ya kuandika. Inachosha, lakini bila hivyo "saba nukta tatu" itageuka "saba na thelathini" kwenye daftari.

Msitumie GPS ya simu kwa upana. Ikiwa wazi chini ya anga ina kosa la mita 3 hadi 5, na nyinyi mnatafuta sentimita. GPS ni ya kujua kigingi kiko wapi kwenye ramani, basi.

Halafu jiulizeni barabara hii ni ya nani. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2 na upana wa mita 2.44. Ili malori mawili yapishane bila kupanda kwenye mfereji yanahitaji takriban mita 6.5. Ongezeni mfereji wa sentimita 80 kila upande na njia ya miguu ya mita 1.5 kila upande: jumla ni mita 11.1. Avenyu ya nyumba tupu, yenye gari la hapa na pale na gari la wagonjwa, huishi vizuri na sehemu ya magari ya mita 4, mfereji wa upande mmoja na njia ya watoto wa shule.

Kwa hiyo avenyu ya mita 8 haiwezi kuwa njia ya kwenda depo hata mkiomba. Isemeni hivyo kwenye mpango, waziwazi: "Avenyu hii ni ya magari madogo." Kuna sababu ya kitaalamu ya kusimamia jambo hili. Ekseli ikibeba uzito mara mbili, uharibifu wake kwa barabara hupanda takriban mara 16. Lori moja la shaba linalokata njia ya mkato linafanya kazi ambayo taksi zote za kartie hazitaifanya kwa wiki nzima.

Vipimo vyenu mvilinganishe na mchoro wa ugawaji wa viwanja ulioko kadasteri, ofisi ya upimaji wa ardhi. Ombeni kuuona kwa barua. Mkikuta mchoro unasema mita 12 na nyinyi mmepima 9.4, mmepata jambo kubwa kuliko malalamiko yote ya barua zenu za zamani.

Onyo kubwa: msiandike majina ya waliosogeza ukuta. Andikeni namba ya kigingi na upana. Ardhi kwa sheria ya 1973 ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na sertifika ya usajili. Kuamua nani kavuka mpaka ni kazi ya kadasteri na mwenye kutunza hati, si ya kamati ya avenyu. Kamati inayogeuka polisi wa kuta hupoteza watu wake kabla ya kufika hatua ya tano.

Hapa mafanikio yanaonekana hivi: jedwali moja lenye mstari kwa kila kigingi, na mtu ambaye hakuwapo siku ya kupima anaweza kulisoma bila kuwauliza swali.

## Hatua ya 5: Pimeni mteremko kwa mpira wa maji

Macho hudanganya, hasa kwenye barabara ndefu. Mpira haudanganyi, mradi hauna hewa ndani.

Jazeni mpira kwa kuunyonya kutoka kwenye ndoo iliyowekwa juu, polepole. Tieni bluu ya kufulia kidogo ili maji yaonekane. Kisha ulazeni mpira wote chini na kuufuata kwa kidole mkitafuta mapovu. Povu moja la ukubwa wa punje ya maharage linatosha kuharibu kipimo. Likionekana, inueni sehemu hiyo na kuigonga mpaka lipande na kutoka. Mwisho ulinganisheni: simamisheni fito zote mbili mahali pamoja, maji yawe sawa pande zote. Yasipokuwa sawa, bado kuna hewa.

Sasa mtu mmoja abaki kigingi cha juu, mwingine ashuke hadi kigingi kinachofuata, kila mmoja na fito yake wima na ncha ya mpira imefungwa juu yake. Wakati wa kutembea zibeni ncha kwa vidole gumba. Mkifika, zifungueni zote mbili, msubiri maji yatulie, msome.

Mfano wetu wa kweli kwenye daftari: kigingi cha 3 maji yalisimama sentimita 62 kutoka ardhini, kigingi cha 4, sentimita 104. Tofauti ni sentimita 42 kwa mita 20, yaani sentimita 2.1 kila mita. Penye namba kubwa ndipo pa chini. Vijana hukosea hapa kila mara, kwa hiyo chora mshale wa kushuka papo hapo, kabla hamjahama.

Mfereji unataka angalau nusu sentimita kila mita, la sivyo mchanga utatua na kuuziba. Ukiona sentimita 4 au 5 kila mita kwenye udongo mtupu, hapo maji yatachimba korongo. Andika kwamba panahitaji mawe au ngazi za kuyapunguzia kasi. Na mahali ambapo mshale unageuka kuelekea juu katikati ya avenyu, pazungushieni duara jekundu. Hapo ndipo dimbwi lenu lilipo, na sasa mnajua kwa nini.

## Hatua ya 6: Hesabuni maji

Msiogope, ni kuzidisha tu. Milimita moja ya mvula juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 80 za mraba likipokea mvula ya milimita 30 linashusha lita 2,400: mapipa kumi na mawili ya lita 200, kutoka nyumba moja.

Tuseme eneo lenu lina viwanja 40 vya mita 400 za mraba, pamoja na barabara za mita 4,000 za mraba. Jumla ni 20,000. Chukueni mvula ya milimita 60 kwa saa kama makadirio ya kwanza: ni lita 1,200,000. Kwenye mtaa wenye mabati, saruji na udongo ulioshindiliwa, karibu asilimia 60 ya maji hukimbia na yanayobaki huzama. Zinakimbia lita 720,000 kwa saa. Gawanyeni kwa sekunde 3,600: lita 200 kila sekunde.

Pipa zima, kila sekunde. Waambieni watu hivyo kwenye mkutano, wasimame wakifikirie. Hakuna atakayewauliza tena kwa nini mfereji wa jembe moja haukutosha.

Bomba la zege, buzi kama mafundi wanavyoliita, lenye kipenyo cha sentimita 30, maji yakienda mita moja kwa sekunde, hupitisha lita 70 hivi. La sentimita 60 hupitisha 280. Kwa mfano wetu, la 30 lililowekwa mbele ya geti la mtu ni kizibo. Kwa mfereji wa wazi wenye kasi ile ile, upana wa sentimita 50 na maji ya kina cha sentimita 40 yanatosha, lakini ukuta wake uzidi hapo kwa sentimita 15 au 20.

Mvula ya ghafla ya robo saa inaweza kuwa kali kuliko niliyotumia. Namba zenu ni za kuonyesha ukubwa wa tatizo. Kipimo cha mwisho cha ujenzi atakitoa mhandisi. Andikeni sentensi hiyo kwenye mpango, itawaongezea heshima.

## Hatua ya 7: Choreni

Kwenye A3, sentimita moja iwe mita 5. Ukurasa utabeba mita 210 kwa 148. Kwa eneo kubwa zaidi, sentimita moja iwe mita 10. Choreni mishale ya maji kwanza, kuta pili, vizuizi tatu. Andikeni kaskazini, kipimo, tarehe. Ramani ya OpenStreetMap iwasaidie kupata umbo la avenyu, na mkikuta avenyu yenu haipo humo, iongezeni. Ni bure, na mwaka kesho itamsaidia mwingine.

Mchoro mmoja wa hali ilivyo, mchoro mmoja wa mnachotaka. Msichanganye.

## Hatua ya 8: Mkutano wa kuchagua

Fanyeni saa ambayo mama wanaouza wanaweza kuja. Mkutano wa saa nne asubuhi huwa na wazee na vijana wasio na kazi tu, halafu mama wanaojua kila dimbwi kwa jina wanasikia habari jioni. Waiteni na vijana wa taksi-moto, na mwenye depo pia. Ndiyo, naye. Lori lake ni tatizo, lakini ndiye mwenye mashine ya kusukuma udongo.

Bandikeni mchoro ukutani. Kila mtu apewe punje tatu za mahindi aziweke mbele ya kazi anazotaka zitangulie. Hakuna wa kupaza sauti, hakuna wa kuhonga. Kazi tatu zitakazoshinda ndizo zinazoingia kwenye mpango kama za mwaka wa kwanza. Nyingine zote ziende ukurasa wa mwisho.

Watu watalalamika kwamba tatu ni chache. Orodha ya kazi kumi na tano huwapa wakubwa nafasi ya kuchagua ile rahisi na kusema wametekeleza.

Kila kazi iliyochaguliwa igawanywe: ipi ya salongo (kuchimba, kuzoa takataka, kusogeza vibanda kwa hiari), ipi ya fundi, ipi inayotaka mashine. Mkishaandika mtakachofanya wenyewe, na tarehe yake, ombi lenu linabadilika sura.

## Hatua ya 9: Tafuteni mfuko sahihi

Hapa ndipo barua zangu tatu zilikofia. Niliziandika kupitia shefu wa kartie nikidhani ana bajeti. Hana. Kwa Katiba ya 2006 na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, vyombo vya mashinani vyenye bajeti na nafsi yao ya kisheria ni mji, komini, sekta na usultani. Kartie haimo. Shefu wa kartie ni mlango. Kabati la pesa liko kwingine.

Gawanyeni kazi zenu tatu hivi:

Mifereji na barabara za ndani ya mji. Utaalamu uko kwa OVD, ofisi ya barabara na mifereji ya miji. Mkigusa RN1 yenyewe, hiyo ni ya Office des Routes, na utunzaji wa barabara za namna hiyo hulipiwa na FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, kutokana na tozo za mafuta na za barabarani. Msimpelekee huyu faili la yule.

Nguzo na mabomba. SNEL na REGIDESO, barua tofauti kwa kila mmoja, yenye namba za vigingi.

Kazi ndogo na usafi. Komini. Mwaka wa bajeti huanza Januari mosi, kwa hiyo mpango unaofika Novemba umefika kula mabaki. Ufikisheni Juni au Julai, wakati watu bado wanapanga.

Pesa za madini. Wengi hawajui mfuko huu. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018, ushuru wa madini hugawanywa: asilimia 50 Serikali kuu, 25 jimbo, 15 chombo cha mashinani ambamo mgodi unachimbwa, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mgodi wa Ruashi, kwa mfano, uko ndani ya komini ya Ruashi. Mbali na hapo, kampuni inayochimba hutakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoathirika, na kusaini nao hati ya ahadi. Kama mko karibu na mgodi, ulizeni hati hiyo inasema nini kabla hamjaandika chochote, kwa sababu huenda mfereji wenu tayari umo.

Kama hamko karibu na mgodi, msijifanye mko. Malori kupita kwenu hayawafanyi kuwa eneo la uchimbaji.

## Hatua ya 10: Fungeni faili na kulipeleka

Faili liandikwe kwa Kifaransa, lugha rasmi ya ofisi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa na ndicho mtakachosomea wenyeji, kwa hiyo andaeni ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya mkutano. Mtafuteni mwalimu au mwanafunzi wa chuo kikuu awasahihishie Kifaransa, siyo awaandikie upya. Wasomi wakipewa nafasi huongeza "utandawazi" na "uendelevu" mpaka mita 9.4 zenu hazionekani tena.

Mpangilio ni huu: barua ya ukurasa mmoja yenye kazi tatu, michoro miwili, jedwali la vigingi, picha sita, zisizidi, ukurasa wa hesabu ya maji, orodha ya watakachofanya wenyeji na tarehe, saini za wawakilishi wa kila avenyu. Namba za simu ziwe mbili tu, za watu wanaopokea simu kweli.

Pelekeni nakala kwa burgumestre, mji, OVD na shefu wa kartie siku moja. Kila nakala mnayoacha, rudini na nyingine yenye mhuri, tarehe na namba ya kuingia. Hiyo namba ndiyo mtakayoitaja mkirudi. Mtu anayerudi akisema "tulileta karatasi mwezi ule" huambiwa atafute. Anayesema namba hutafutiwa.

Rudini baada ya wiki tatu, watu wawili, siku ya kazi asubuhi. Msiulize "imefikia wapi?" Ombeni kitu kimoja kidogo chenye tarehe: mhandisi aje kuona kigingi cha 4. Akija, mpeni fito na mpira, mwacheni apime mwenyewe. Yule aliyekuja kwetu alisoma sentimita 103 badala ya 104, akacheka, akaomba daftari alitazame ukurasa kwa ukurasa.

Wakati mkisubiri, fanyeni ile sehemu ya salongo, mkianzia chini bondeni na kupanda juu, kamwe si kinyume chake. Pigeni picha kabla na baada, kwenye vigingi vile vile, na mzipeleke kwenye namba ile ile ya faili. Vigingi vyenyewe vipakeni rangi kila mwaka kabla ya Oktoba. Watoto huviokota kuni.